"Wa kwako hayatembea bado?"



Hapa tumezoea kuandika juu ya kazi zisizopatikana, juu ya bei ya mbegu, juu ya diploma zinazopata vumbi ndani ya sanduku. Mimi leo naleta kitu kinachodumu sekunde 40: video ya mtoto mdogo. Najua kuna atakayeuliza mtu wa agronomi anatafuta nini katika mambo ya watoto. Jibu la kwanza: niko baba wa mtoto mmoja. La pili litaonekana mbele kidogo, juu kile ninachotaka kusema nilikijifunza shambani kabla sijakijifunza nyumbani.

Video zenyewe mnazijua. Zinazunguka kwenye Facebook, kwenye TikTok, katika statu za WhatsApp. Ya kwanza inaanza na muziki laini. Jiko jeupe, meza nyeupe, mama amesuka vizuri. Maneno yanatokea juu: siku moja ya chakula cha mtoto wangu wa miezi 9. Sahani imegawanywa vipande vitatu. Avoka imekatwa sawasawa kama kwa rula, kuna samaki wa rangi ya waridi, kuna na tunda dogo la bluu ambalo hata mimi niliyesoma mambo ya mimea miaka 5 sijawahi kulishika mkononi. Mtoto anakula pasipo kumwaga. Mwishoni anaangalia kamera na kucheka.

Ya pili ni ndugu yake: mtoto wa miezi 10 anaachilia kiti, hatua moja, mbili, tatu, mama anapiga kelele ya furaha, mioyo myekundu inapanda. Ya tatu ni ile ya kuogopesha. Mtu amevaa bluzi nyeupe, hatujui kama ni daktari ao ni mwenye duka, ananyosha kidole na kusema kwamba kama mtoto wako hafanyi mambo haya matano, kuko shida. Anayataja manne. La tano liko katika video inayofuata.

Nimeziangalia sana, zaidi ya inavyomfaa mtu anayenunua mega za siku moja moja. Na kwanza niseme wazi: sisemi ni uongo. Ule mtoto alitembea kweli. Ile avoka aliikula kweli. Zingine zimetengenezwa vizuri kuliko filamu tunazolipia. Wale wanaosema "mambo ya TikTok yote ni uongo" wanatukimbiza na swali lenyewe. Kitu kinaweza kuwa kweli na bado kikakudanganya. Hapo njo naingia shambani.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho tulipelekwa Mulungu, kule Kabare, kwenye kituo cha INERA, kuona yale maharagwe yanayopanda juu ya vijiti virefu. Wakulima pia walialikwa, wengi wao wamama. Tulisimamishwa mbele ya kipande kimoja karibu na barabara: maharagwe yamepita urefu wa mtu, majani mazito, maganda yananing'inia. Sisi wanafunzi tukatoa simu, foto, foto. Mama mmoja hakupiga foto. Aliinama, akakamata udongo, akauliza:

– Hapa mulitia nini?

Wakamjibu. Akauliza tena:

– Na nani alikuwa anatosha magugu, na balikuwa bangapi?

Wakamjibu. Kisha akauliza lile la tatu:

– Na pale hamukutia kitu, yalitoka namna gani?

Ikabidi watuzungushe nyuma, kwenye kipande cha shahidi. Kwa wasiosoma agronomi: katika kila jaribio tunaacha kipande pasipo kutia kitu, ili tujue ile mbolea ao ile mbegu mpya imeleta nini kweli. Pasipo shahidi hakuna jaribio, kuko tu maonyesho. Mle nyuma maharagwe yalikuwa ya kawaida, yale unayoona kwa kila mtu. Ule mama aliyaangalia kwa muda mrefu kuliko yale ya barabarani. Nadhani alikuwa anatafuta lake.

Kila aliyefanya staji anajua kwamba kipande kizuri kinawekwa barabarani, pale gari za wageni zinasimama. Hakuna anayeshitakiwa kwa sababu hiyo. Kosa linaanza pale mgeni anaporudi nyumbani akifikiri ameona shamba.

Sasa chukueni yale maswali matatu muyapeleke katika jiko jeupe. Hapa mulitia nini? Kuna friji inayofanya kazi saa 24, kumbe kwetu umeme unakuja kama mgeni asiyetoa habari. Tena kwa wengi wa wale wamama kutengeneza video njo kazi yenyewe: wanaolipia matangazo wanalipa, na ile sahani ya vipande vitatu pengine njo bidhaa inayouzwa. Nani alikuwa anatosha magugu? Mtu fulani alikuwa ameshika simu. Mtu fulani alifua ile nguo nyeupe. Mtoto mwingine, kama yuko, alikuwa wapi kwa zile sekunde 40? Na shahidi je? Siku aliyotupa sahani chini iko wapi? Siku mama alilia ndani ya douche iko wapi? Ilikatwa. Tunaonyeshwa kipande cha barabarani kila siku, asubuhi na usiku, na hakuna anayetuzungusha nyuma.

Naweza kusimama hapa, ingekuwa makala ya kutosha. Lakini ningekuwa nimefanya kama wao, ningewaonyesha kipande changu cha barabarani.

Mwaka jana mtoto wetu alikuwa na miezi 13 na hakutembea bado. Bibi yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ndani ya grupu tatu: moja ya familia, moja ya wamama wa kartie, na moja ya wamama waliozaa mwezi ule ule. Hii ya tatu ilikuwa zuri mwanzoni, mtasikia. Siku moja mmoja akatuma video ya wake anatembea, mwingine akatuma, mwingine. Kisha mmoja akamuandikia bibi yangu pasipo ubaya wowote, na sura ya kucheka mwishoni: "Wa kwako hayatembea bado?"

Maneno manne. Tangu siku hiyo kila jioni alimsimamisha mtoto kwenye ukuta, anahesabu. Mtoto analia, anakaa chini. Anamsimamisha tena. Alianza kukataa kwenda kwa jirani mwenye mtoto wa umri ule. Usiku niliona uso wake umekuwa bluu chini ya chandarua, anasoma. Mara moja akanambia, pasipo kuniangalia: "Pengine ni mimi. Nilirudi kazini mbio."

Mimi, injinia mzima, nikamtolea somo juu ya tofauti za kawaida ndani ya kila kundi la viumbe hai. Halikumsaidia kitu. Na sikumwambia kwamba mimi pia nilikuwa natafuta kwa siri katika simu yangu, swali lile lile kwa maneno tofauti. Zile programu hazikuulizi umetafuta juu ya furaha ao juu ya hofu. Zinaona tu kwamba umesimama. Ukisimama juu ya video ya bluzi nyeupe sekunde 20, kesho utaletewa tano. Ni kama duka ambamo kila unapoangalia kitu kwa hofu, muuzaji anafikiri unakipenda.

Tuliokolewa na karatasi. Siku ya kipimo, ile CPS ambayo wamama wanaamukia asubuhi kupimisha watoto kilo, muuguzi aliangalia fishe, akauliza: anatambaa? Anasimama akishika kitu? Ukimwita anageuka? Akajibiwa ndiyo mara tatu. Akasema: "Basi ako na nafasi mpaka miezi 17 na kitu." Akaita mtu mwingine.

Nilirudi kutafuta ile "miezi 17 na kitu" inatoka wapi, juu ugonjwa wa mtu wa lisanse ni kutaka chanzo. Inatoka katika kazi ya OMS iliyochapishwa mwaka 2006. Walifuatilia watoto 816 katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walipimwa tangu miezi 4 mpaka walipotembea. Kutembea peke yake pasipo kushika kitu, kwa watoto wenye afya, kulianguka kati ya miezi 8.2 na 17.6. Hiyo siyo laini, ni mlango mpana, zaidi ya miezi 9 ya upana! Kukaa pasipo kusaidiwa: 3.8 mpaka 9.2. Na hii njo ilinifurahisha kabisa: karibu watoto 4 kwa 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, walipita pembeni wakafika. Video haiwezi kuonyesha mlango. Video inaonyesha mtu mmoja anapita, na anayepita mapema njo anapigwa video. Hakuna anayeandika "miezi 16, na furaha yetu ni ileile".

Lakini mtaona kitu cha ajabu. Bibi yangu ni mwalimu, anajua kwamba watoto 50 wa darasa lake hawaanzi kusoma siku moja. Maarifa alikuwa nayo. Kilichoisha ni kitu kingine, imani kwamba yeye anaweza kazi ile. Kwa hiyo nasema wanaotuambia "wazazi wapewe tu habari za kweli" wanaona nusu.

Mwanasaikolojia mmoja, Leon Festinger, aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipima, anajipima kwa watu wengine, na anapenda kujilinganisha na wale wanaofanana naye. Kulea mtoto ni kazi isiyo na mizani: kilo unaweza kupima, lakini "niko mzazi mzuri?" hakuna balansi ya kuipima. Kwa hiyo tunaangalia jirani. Mababu walifanya hivyo, hakuna ubaya. Tofauti ni kwamba jirani wa zamani uliona na ukuta wake uliopasuka. Yule wa simu anakuja na jina tu, "mama wa mtoto wa miezi 10", na jina lile linakufanya ufikiri mnafanana. Katika agronomi tunasema mbegu haitoshi, sema na udongo. Hapa tunaonyeshwa mbegu, udongo umefichwa, na tunajilaumu kwa mavuno.

Mwingine, Albert Bandura, mwaka 1977 aliandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake. Alitaja vyanzo vinne: kufanya mwenyewe na kufaulu, kuona mwingine anafaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na roho. Cha nguvu kuliko vyote ni cha kwanza, mikono yako mwenyewe. Cha pili kinafanya kazi zaidi pale yule unayemuona anafanana na wewe, na ulimuona anahangaika kabla ya kufaulu. Someni hiyo kisha mrudie video ya jiko jeupe: hafanani na mimi, na mahangaiko yamekatwa. Ina umbo la kutia moyo, kumbe imetolewa kila kitu kinachotia moyo. Ni kama mbegu iliyokaangwa: kwa macho ni mbegu, uipande uone.

Na tusifikiri wale wa jiko jeupe wako salama. Mwezi wa nane mwaka 2024, daktari mkuu wa afya ya umma wa Marekani, Vivek Murthy, alitoa onyo rasmi juu ya hali ya wazazi. Humo imeandikwa kwamba 48% ya wazazi kule wanasema siku nyingi mzigo wa mawazo unawazidi kabisa, kumbe kwa watu wazima wengine ni 26%. Kati ya sababu alizotaja, mitandao imo. Wale wanaotengeneza zile video pia wanaziangalia.

Kwetu mambo haya yana uzito mwingine, juu hatuna jina lake. Ukitaja afya ya akili watu wanafikiri mara moja mwendawazimu wa barabarani. Mama ambaye halali, anayejilaumu, anayelia pasipo sababu miezi 4 baada ya kuzaa, tunasema "anawaza mingi", ao "ameanza majivuno", na bukwe wake anaongeza lake. OMS inasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kwa 5 anapata shida ya akili baada ya kuzaa, na nyingi ni ule mfadhaiko mzito unaoitwa depresio. Kuko na maswali 10 yaliyotengenezwa mwaka 1987 ya kumtambua mama wa namna hiyo, yanajazwa kwa dakika tano. Tunapima kilo za mtoto kila mwezi. Aliyembeba mgongoni hakuna anayemuuliza kitu.

Sisemi simu njo inaleta ugonjwa huo. Mambo mingi yanauleta: umaskini, vita, bwana asiyekuwepo, uzazi mgumu. Nasema mtu aliyekwisha kuumwa hapo, simu inamuwekea kidole katika kidonda saa saba za usiku.

Kuna kitu kingine ambacho wakosoaji wa mitandao hawakisemi, labda juu wengi wao hawaishi Kivu. Foto ya mtoto inaweza kudanganya hata muganga. Mnajua bwaki. Kitabu kinaiita kwashiorkor. Mtoto mwenye bwaki anavimba. Mashavu yanajaa, miguu inajaa, na katika foto ndogo ya statu anaonekana mnene, watu wanaandika "mutoto muzuri, anashiba". Muuguzi hatazami foto. Anafinya miguu yote miwili kwa vidole gumba, anahesabu sekunde tatu, anaachilia, na kama shimo limebaki anajua. Mwingine ana ule ukanda wa kupima mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya milimita 115 ni nyekundu, na nyekundu siyo ya kesho. Na udumavu ndio unajificha zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa EDS wa 2013–2014 ulikuta 43% ya watoto wa Kongo wa chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao. Mtoto kama huyo katika video anaonekana sawa tu, utamdhania ni mdogo kwa umri, na watu watasema "anasema vizuri kwa miezi yake!"

Katika nafasi hiyo, kati ya foto na kidole gumba, njo wanaingia wauzaji. Siro za kuongeza hamu ya kula, zinatangazwa na foto mbili, "mbele" na "nyuma". Mara mingi ndani yake kuna siproeptadini, dawa ya alerji inayoleta usingizi na hamu ya kula. Mama anampa mtoto ili anenepe, mtoto analala zaidi, anajaa kidogo, foto inatumwa, mioyo inapanda. Wenzangu wa udaktari waliomo humu wataeleza vizuri kuliko mimi. Mimi naona tu kwamba ni ile ile: tunanenepesha kipande cha barabarani.

Basi tutupe simu? Kuna wanaohubiri hivyo, wengi ni wanaume, na wengi hawajawahi kubaki na mtoto mwenye homa saa nane za usiku. Nitasema kinyume. Usiku wa nne baada ya kuzaa, matiti ya bibi yangu yalijaa yakawa kama mawe, mtoto hashiki, wote wawili wanalia, mimi nasimama katikati kama mti. Aliyetusaidia ni mama mmoja wa ile grupu ya tatu, hatujawahi kumuona. Alituma vokali ya dakika 3. Kitambaa cha maji moto, kamua kidogo kwanza, kisha mshike hivi. Nyuma ya sauti yake mtoto wake alikuwa analia, akasimama kidogo, "ngoja, huyu naye", akarudi. Akasema wa kwanza wake alimshinda kabisa, alimpa maziwa ya kopo akaona haya mwaka mzima. Bibi yangu aliisikiliza mara tano. Mara ya mwisho, nadhani, haikuwa juu ya matiti.

Tangu hapo nina nadharia, mniruhusu: vokali ni bora kuliko video. Mtu akishika simu apige video anapanga nyumba, anavaa, anarudia. Akituma vokali anasema tu. Sufuria inaanguka, anakohoa, anasahau alichotaka kusema. Vokali inakuja na udongo wake.

Na kuna watu waliolielewa jambo hili kabla ya simu hizi. Wale waliofanya kazi ya lishe wanajua FARN, ile foyer ya kujifunza. Mzizi wake mmoja uko Vietnam, miaka ya 1990, na Jerry na Monique Sternin wa Save the Children. Hawakuleta mama kutoka mbali. Walitafuta ndani ya vijiji vile maskini familia ambazo watoto wao walikuwa na afya, na mali ni ile ile ya jirani. Wakakuta zinatia katika chakula cha mtoto vikamba vidogo na kaa wa shamba la mpunga, pamoja na majani ya viazi vitamu, na zinalisha mara nyingi kwa siku. Kwetu ungesema sambaza na lenga-lenga. Mama kama huyo kwa Kifaransa tunamuita mama wa mwangaza. Wamama wanakuja kwake karibu siku 12, kila mmoja analeta kitu, wanapika pamoja, wanalisha pamoja. Mtoto anatema, wote wanaona, wanacheka, wanajaribu tena.

Ni kulinganisha vilevile! Mama anamuona mama mwenzake anayefanya vizuri kuliko yeye. Lakini anajua nyumba yake, anajua bwana wake ana deni dukani, na anashika kijiko mwenyewe. Maswali yote matatu ya yule mama wa Mulungu yana jibu. Kwa hiyo simkubali mtu anayesema "usijilinganishe na mtu". Hawezekani mtu huyo. Swali ni kama unaweza kuzunguka nyuma.

Nimalize na deni langu.

Mtoto wetu alitembea akiwa na miezi 14 na siku chache, juu ya simenti ya nyumba ya mama yangu, Bagira. Nilipiga video nne. Katika tatu alianguka. Katika ya nne alifanya hatua sita mpaka kwa bibi yake mkubwa. Nikaweka hiyo ya nne katika statu, nikatia muziki, nikaandika: "Miezi 14 tu!" Lile "tu" niliandika mimi, mtu anayewaandikia haya yote. Muda mfupi nyuma tulikuwa tunalia.

Mwenzetu mmoja wa promosio, wake alikuwa na miezi 16, alijibu na mikono ya kupiga makofi. Wiki tatu baadaye tulikutana soko la Kadutu. Akanambia, huku anacheka kile kicheko cha mtu anayebeba kitu kizito, kwamba usiku ule bibi yake aliona statu yangu, akamuuliza kama katika ukoo wao watoto huchelewa. Akajibu vibaya. Maneno yakazaa maneno, alilala katika salon siku mbili.

Nilirudi nyumbani nikatafuta zile video tatu. Moja nilikuwa nimekwisha kuifuta. Mbili nilimtumia. Katika moja mtoto amekaa chini analia, na sauti yangu inasikika, "Simama! Papa, simama basi!", sauti ambayo siipendi.

Alikaa saa nzima pasipo kujibu. Kisha ikaja vokali ya dakika 2. Dakika ya kwanza yote alisema juu ya bei ya mahindi. Nyuma mtu alikuwa anapiga sufuria na kijiko. Kisha akasema: "Huyu unasikia njo yeye. Anakamata meza, anazunguka meza yote. Jana aliachilia mukono moja."